Sisikii Kitu

Kuna wakwe wanaolalamikia chumvi, na kuna wanaolalamikia nyama kuwa ndogo. Mzee Sirili yeye alilalamikia baridi. Umwekee mtori wa ndizi ukiwa bado unachemka ndani ya bakuli, mvuke umefunika miwani yake yote, atatia kijiko mara moja, atameza, halafu atasema, "Mama Tito, huu umepoa." Basi Hilda, mke wa mwanawe, ataurudisha jikoni, atachochea kuni mpaka ububujike, ataurudisha mezani. Na mzee ataunywa hivyo hivyo, bila kupuliza.

Hakuwa hivyo zamani. Mkewe Dominika alipokuwa hai, mzee alikula alichopewa na kusema asante. Dominika alifariki mwaka jana, kabla ya Krismasi, kwa saratani ya koo. Alianza kwa kukwamwa na ndizi, akahamia kwenye uji, akaishia kwenye maziwa ya kijiko, na kijiko hicho alikishika Hilda. Jovin, mume wa Hilda, anaongoza wageni mlimani. Akishapanda, simu haishiki. Akishuka, analala mchana kutwa. Dada zake Jovin wako mbali, walituma pole na ujumbe wa sauti wenye vilio. Hilda ndiye aliyemgeuza mgonjwa kitandani, aliyefua mashuka, aliyejua kila benchi la hospitali ya mjini na lipi lina mguu mbovu. Walipomzika mama kule nyuma, kwenye migomba, watu walimsifu Hilda sana, wakala, wakashiba, wakashuka zao Moshi. Yeye akarudi zizini, maana ng'ombe hajui matanga.

Tuseme ukweli, Hilda alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Alikuwa akila amesimama jikoni, mkono mmoja kwenye bakuli na mwingine kwenye vyombo, na ukimwuliza baadaye kidogo amekula nini, ingebidi achungulie sufuria ndipo akujibu.

Kidonda kilijitokeza kanisani. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka Kibosho yote, watu wamevaa makoti ndani ya kanisa. Mzee alipokea komunyo, akarudi kwenye benchi, akapiga magoti. Hostia hunata juu ya mdomo, kila Mkatoliki analijua hilo, unaisukuma kwa ulimi taratibu na sala yako inaendelea. Mzee alisukuma, akasukuma tena, uso ukambadilika. Alitoa leso, akajifuta mdomo, akaikunja haraka na kuitia mfukoni. Lakini Hilda alikuwa amepiga magoti ubavuni kwake, na damu aliiona.

Nyumbani alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kusema. Mkwe kumwambia baba mkwe afungue mdomo si jambo jepesi. Kwao mkwe huandaa meza, humnawisha mzee, hutoka. Hakai naye mezani, na mzee naye hatii mguu jikoni kwa mkwewe. Ndivyo Dominika alivyomkuta mama mkwe wake, na ndivyo alivyomfundisha Hilda.

"Baba, samahani. Nimeiona leso."

"Leso gani?"

"Fungua mdomo, baba. Tafadhali."

Alifungua, macho ameyaelekeza dirishani. Hilda akamulika kwa simu. Kule juu, pale paa la mdomo linapoanza kulainika, palikuwa na kidonda kipana kama kifungo cha koti, kingo zimeinuka, katikati rangi ya majivu. Hilda alizima taa ya simu, akasema kesho tunakwenda hospitali, akatoka nje. Huko akaegemea tangi la maji. Hakulia. Alichokuwa akikiwaza ni kijiko kile cha maziwa, na kwamba hata hakukumbuka alikiweka wapi.

Daktari wa kinywa aliitwa Flavia, mama wa makamo aliyevaa raba kwa sababu ya kusimama kutwa. Alimlaza mzee kwenye kiti, akavuta taa, akatazama bila haraka. "Hapa panaitwa kaakaa," alimwambia Hilda. Akauliza maswali yake. Sigara? Mzee hajawahi. Ugoro? Hapana. Meno ya bandia? Meno ni yake, aliyobakiza. Pombe ya mbege? Kidogo, kukiwa na sherehe.

"Vyakula vya moto?"

"Vya kawaida," alisema mzee.

Hilda alikohoa. Kumpinga baba mkwe mbele ya mgeni ni aibu, lakini alikwisha kufika mahali ambapo aibu haimwogopeshi tena. "Anapenda moto, daktari. Moto sana."

"Basi tangu leo ni vuguvugu, mzee wangu. Hata chai." Daktari alibonyeza kando ya kidonda kwa kidole chenye glavu, akimtazama mzee usoni. Mzee hakukunja uso. Wanaume wa umri wake hawakufundishwa kukunja uso mbele ya mwanamke. "Na ukila, unasikiaje?"

"Sisikii kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa, daktari. Sisikii kitu."

Kalamu ya daktari ilisimama. Akauliza hali hiyo imeanza lini, mzee akasema hajui, labda tangu mwaka jana. Daktari akaandika, akamtazama Hilda, na Hilda akaujua mtazamo ule, alikwisha kuuona katika jengo hilo hilo kwa daktari mwingine.

"Nitakwambia wazi, mama," daktari alisema walipobaki wawili. "Kidonda cha mdomo kinachouma hakinisumbui sana. Kisichouma ndicho sikipendi. Lakini tusikimbilie. Atasukutua kwa maji ya chumvi, aache moto, aache pilipili na magadi, tukipe wiki mbili. Kikiwa cha kawaida, kitaanza kupona. Kisipoanza, nitakata kinyama kidogo tukapime."

Kinyama kidogo. Na kwa mama walianza hivyo hivyo, kwa kinyama kidogo.

Wiki mbili hizo Hilda alipika kama anayemlisha mtoto. Mtori aliupoza kwa kuumimina bakuli hili kwenda lile mpaka mvuke ukaisha. Kiburu alikipika bila magadi, na kiburu bila magadi ni maharage na ndizi zilizogombana. Chai aliijaribu kwa kidole. Mzee alikula vyote, akasukutua, akasema asante, na hakulalamika hata siku moja kwamba chakula kimepoa.

Hapo ndipo Hilda angepaswa kushtuka. Mzee amekulalamikia miezi yote hii, ghafla ananyamaza, nawe unamshukuru Mungu! Lakini mtu aliyechoka akipewa kimya hakiulizi kimetoka wapi.

Kidonda hakikupona. Kiliongezeka upana, na upande mmoja kikawa chekundu kama kimekwanguliwa. Mama Valerian, jirani wa chini ya barabara, alileta mkungu wa ndizi, akakaa, akapewa chai, akasikiliza habari yote, akatikisa kichwa. "Mwanangu, jikaze tu. Sikio la kufa halisikii dawa." Hilda alimshukuru kwa ndizi. Alipoondoka alizitupia ndizi pembeni kwa hasira, kisha akaziokota, maana zilikuwa ndizi nzuri.

Wakarudi mjini. Daktari Flavia alitazama, akachoma ganzi, akakata. Mzee alishika mikono ya kiti na kutazama taa. Kinyama kilitiwa kwenye kichupa, kidogo hata hakijai ncha ya kidole, na wakaambiwa wasubiri simu, majibu yatachelewa kidogo kwa sababu wapimaji ni wachache na vichupa ni vingi.

Jioni hiyo Jovin alishuka mlimani na simu yake ikashika. Hilda alimweleza. Upande wa pili kulikuwa na kelele za wapagazi wakigawana mizigo.

"Usiwaze sana," alisema Jovin. "Tungoje majibu."

"Jovin, nisikilize. Kama ni kile kile cha mama, mimi siwezi tena. Nakuambia mapema ili usije ukasema sikukuambia. Siwezi."

Hilda alimsikia Jovin akisogea mbali na kelele.

"Nakuelewa, mke wangu. Lakini ni nani mwingine?"

Hilda alijua swali lilikuwa la kweli. Alikata simu akaenda kukamua. Alimpenda mzee yule. Hilo nalo tuliseme, lisije likapotea: alikuwa mzee mpole, aliyemwita mwanangu tangu siku ya kwanza, na Hilda alipojifungua Tito mzee ndiye aliyechinja mbuzi wa uzazi, akamwonya Dominika asimpe mzazi kipande kibaya. Kumpenda hakukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba mikono ilikuwa imekwisha.

Siku moja asubuhi lori la majani ya mpunga lilipanda kutoka Mabogini. Huja mara chache, na ukichelewa ng'ombe wako watakula maneno. Hilda aliinjika mtori wa mchana, akapunguza kuni, akashuka barabarani mbio. Alipofika alikumbuka kwamba kamba ya kufungia mzigo ameiacha kwenye msumari wa jikoni. Akarudi akijitukana.

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Ndani, katikati ya moshi, Mzee Sirili alikuwa amesimama kwenye mafiga. Kuni alikuwa amezichochea, sufuria imefunuliwa, mtori unaruka. Ameshika upawa kwa mikono miwili, anakunywa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Hilda alisimama kizingitini. Mwanzo hakuelewa anachokiona, maana hajawahi kumwona mzee huyo jikoni tangu aolewe.

"Weka upawa chini, baba."

Mzee aligutuka. Aliuweka polepole juu ya kifuniko, akajifuta ndevu kwa kiganja.

"Umeanza lini?"

Mzee aligeukia moto.

"Nimekuuliza umeanza lini. Ni kila siku? Nikienda kukata majani wewe unaingia huku?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilimtoka kwa shida. "Mimi nakaa nakupozea mtori bakuli kwa bakuli. Usiku sipati usingizi, nakuona umelala pale alipolala mama. Umekatwa mdomo, baba! Na kumbe kila asubuhi unakuja kujichoma kwa makusudi. Unataka kufa? Kama unataka kufa niambie, nijue nafanya kazi ya nini."

Mzee alitazama upawa. "Sitaki kufa, mwanangu."

"Unataka nini basi?"

"Nataka kusikia."

"Kusikia nini?"

"Chochote." Alitafuta mahali pa kukaa, akaona kigoda cha Hilda, akakikalia, magoti yakampanda juu. "Nilimwambia daktari, nawe ulikuwepo. Sisikii kitu. Tangu tumzike mama yenu. Ndizi, nyama, chumvi, mbege, zote kwangu ni sawa na kutafuna kitambaa. Nilifikiri ni msiba, utapita. Haukupita. Moto peke yake ndio ninaousikia. Ukiniunguza, najua kwamba nimekula."

Kuni zililia kidogo. Hilda alizivuta nje ya mafiga, si kwa kufikiri, ni mkono tu uliozoea.

"Na kidonda," alisema. "Kidonda chenyewe kinauma?"

"Ee, kinauma. Kinauma mpaka kwenye jicho."

"Baba. Daktari alikuuliza unasikiaje, ukamwambia husikii kitu. Tena kabisa."

"Aliniuliza nikila nasikiaje. Nikamwambia ukweli. Kidonda ni nani aliyeniuliza?"

Hilda alikaa chini, sakafuni pale pale, kwenye majivu. Alianza kucheka, na kicheko hakikufika mbali kikageuka kilio, na alilia kwa kelele kama mtu ambaye hakulia msibani, na kweli hakuwa amelia, alikuwa na wageni wa kulisha. Mzee alikaa juu ya kigoda akimtazama. Alinyoosha mkono kama anataka kumgusa bega, akaona si adabu, akaurudisha, halafu akaunyoosha tena akamgusa. Lori la majani liliondoka, walilisikia likipiga honi kule chini.

Simu ya hospitali ilikuja baada ya siku kadhaa. Walishuka mjini wamevaa vizuri, watu hujipamba wakienda kuambiwa mabaya. Walipoitwa ndani, Hilda hakungoja daktari afungue bahasha.

"Daktari, kabla hujasoma. Kidonda kinamuuma."

Daktari Flavia alimtazama mzee. "Kinauma? Mbona ulisema husikii kitu?"

"Chakula ndicho sikisikii," alisema mzee. "Kidonda nakisikia sana."

Hilda akamaliza habari yote, upawa, sufuria na machozi. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeshtakiwa. Daktari alivua miwani, akayasugua macho. "Kiswahili hiki," alisema. "Nami ni mzaliwa wa Machame, ningeuliza kwa lugha ya bibi yangu tungeelewana." Akafungua bahasha, akasoma, akageuza karatasi, akasoma tena.

"Si saratani."

Hilda na mzee walibaki wakiitazama karatasi.

"Mmenisikia? Si saratani. Kwenye kaakaa kuna tezi ndogo ndogo za mate. Ukiungua, halafu ukaungua tena juu ya pale pale, damu inashindwa kufika, tezi zinakufa, linabaki shimo. Kwa macho kinafanana sana na kile kibaya, na hata darubini huweza kumdanganya mwenye haraka. Kwa hiyo kukata ningekata tu, hata mngeniambia kinauma. Ila ningewaogopesha kidogo kuliko nilivyowaogopesha, na hilo naomba mnisamehe."

"Dawa yake?" aliuliza Hilda.

"Dawa yake ni kukiacha. Msipake kitu, msikwangue. Maji ya chumvi na chakula kilichopoa, kitajifunga chenyewe. Nitakitazama kila mara mpaka nione kimefungika, na kikigoma tutapima tena. Lakini mzee, ukikichoma tena, tutaanza upya mimi na wewe."

"Na kusikia?" aliuliza mzee. "Kusikia chakula?"

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na Hilda alimheshimu kwa hilo. "Uzee huchangia. Huzuni huchangia, na huko kuungua kumeongeza. Kunaweza kurudi pole pole. Siwezi kukuahidi."

Hilda alishukuru, akauliza choo kiko wapi. Alijua kilipo, alikijua kuliko wafagiaji. Alijifungia humo akashika sinki kwa mikono yote miwili. Alidhani atafurahi. Furaha ilikuwepo, lakini ilikuwa mbali na haikuwa na haraka. Kilichofika kwanza ni usingizi.

Mchana wa siku iliyofuata aliupika mtori. Aliumimina bakuli hili kwenda lile, mvuke ukapungua, ukaisha. Akaupeleka mezani, akamnawisha mzee, akageuka kutoka kama ilivyo desturi. Alipofika mlangoni akasimama. Alirudi jikoni akachota bakuli lake, akalipoza vile vile, akaja akavuta kiti cha Dominika akakikalia.

Mzee alitazama kiti, akatazama bakuli la pili. Walifanya ishara ya msalaba.

Alitia kijiko, akala, akakaa na chakula mdomoni muda mrefu kama anakisikiliza. Akameza.

"Sisikii kitu, Mama Tito."

Hilda naye alikuwa amekula kijiko kimoja. Aliweka nyama ndani, aliweka kitunguu, chumvi aliipima. Alijua vyote hivyo kwa sababu ni yeye aliyevitia.

"Hata mimi, baba."

Mzee aliinua macho. Alimtazama kwa mara ya kwanza usoni moja kwa moja, na alichokiona pale kilimfanya aweke kijiko. "Tangu lini?"

"Tangu tumzike mama."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani?"

Nje ng'ombe alilia njaa, na safari hii Hilda hakuinuka. Mzee alichota kipande cha nyama kutoka bakuli lake, kile kikubwa ambacho Hilda humwekea kila siku, akakihamishia bakuli la Hilda. Mchuzi ukadondoka mezani, hakuna aliyeufuta.

"Tule basi," alisema Mzee Sirili, "kabla haujapoa."